Vimulimuli wa Nyamuswa: wanaambiana nini gizani, na sisi tunawasomaje

Mvua za masika zikishika huku Ikizu na kwingineko wilayani Bunda, kuna majuma machache ambayo vichaka nyuma ya nyumba zetu huanza kuwaka na kuzima. Mwanga mdogo wa kijani au wa manjano unatokea juu ya majani, unapotea, kisha unatokea tena hatua mbili mbele. Watoto wanaukimbiza. Watu wazima tunapita na safari zetu, kwa sababu ni kimulimuli tu, na kimulimuli tumemzoea.

Katika makala hii, ndugu msikilizaji, tunataka tusimame kidogo. Mwanga ule haumuliki ovyo. Una mpangilio, una vipimo, na kila aina ya kimulimuli ina mpangilio wake. Ni mazungumzo ya dume na jike, na mtu yeyote mwenye macho, subira na saa ya simu anaweza kuyafuatilia. Mazungumzo hayo yanahitaji vitu viwili ambavyo vijijini kwetu bado tunavyo lakini tunaanza kuvipoteza: giza na ardhi yenye unyevu isiyovurugwa.

Kimulimuli ni nani?

Tuanze na jina. Kimulimuli ni yule anayemulika. Wapo wanaomwita kimetameta. Siku hizi jina hilo limepewa hata taa ile inayozunguka juu ya gari la polisi au la wagonjwa, na si vibaya, maana kazi ni ileile: kuwaka na kuzima ili mwenzako ajue upo.

Wengi hudhani ni nzi wa aina fulani. Sivyo. Kimulimuli ni ndugu wa mbawakawa, wale wadudu wenye jozi mbili za mabawa, moja gumu juu na moja laini chini yake. Ukimshika taratibu utaona mgongo wake umefunikwa na mabawa yale magumu. Duniani wanasayansi wameshaorodhesha zaidi ya aina 2,000 za vimulimuli, na wanaishi katika mabara yote isipokuwa kule Antaktika kwenye barafu.

Si wote wanaofanana. Kuna aina ambazo dume na jike wote wana mabawa na wote humulika kwa kuwaka na kuzima. Kuna aina ambazo huwaka mfululizo, mwanga uliotulia kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Na kuna aina ambazo jike hana mabawa kabisa, anatambaa tu kwenye nyasi na anafanana na funza mwenye miguu. Kwa hiyo ukiona mwanga chini ya majani usioruka, usidhani ni kimulimuli aliyeumia. Huenda ni jike, au ni mtoto wa kimulimuli.

Mwanga unatoka wapi?

Unatoka chini ya tumbo, kwenye pingili za mwisho. Humo ndani kuna kemikali iitwayo lusiferini na kimeng'enya kiitwacho lusiferasi. Zikikutana na hewa ya oksijeni pamoja na nishati ya mwili wa mdudu, mwanga unatokea. Mdudu anauongoza kwa mishipa yake ya fahamu: oksijeni ikiruhusiwa kufika, taa inawaka, ikizuiwa, taa inazima.

Cha kushangaza ni kwamba taa hii haina joto la kuhisi. Koroboi inaunguza. Balbu ya zamani yenye waya ndani ukiishika inakuunguza vidole, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wake inapotea kuwa joto. Kimulimuli akitua kwenye kiganja chako huhisi kitu isipokuwa miguu yake. Ndiyo maana hata akiingia kwenye paa la nyasi, hawezi kuwasha moto.

Taa hii ndogo imeingia hata maabara. Nishati inayowasha mwanga wa kimulimuli, inayofupishwa kwa herufi ATP, inapatikana ndani ya kila kiumbe hai, vikiwemo vijidudu vya magonjwa. Kwa hiyo mtaalamu akichukua uchafu kidogo kutoka kwenye meza ya kiwanda cha chakula na kuuchanganya na kemikali za kimulimuli, mwanga ukitokea anajua pale kuna mabaki ya chakula au vijidudu, na mwanga ukiwa mkali anajua usafi haujafanyika vizuri. Tangu miaka ya 1980, wanasayansi walipofanikiwa kunakili kinasaba cha lusiferasi, kemikali hiyo imetumika pia kwenye utafiti wa dawa, ikiwemo ya kifua kikuu, kuangalia kama vimelea bado viko hai baada ya kupewa dawa. Vimelea vilivyo hai vinawaka. Vilivyokufa havina mwanga.

Kila aina na mwandiko wake

Sasa tufike kwenye mazungumzo yenyewe. Katika aina nyingi zinazowaka na kuzima, dume ndiye anayeruka na kutangulia kumulika. Jike anakaa kwenye jani au kwenye ubua wa nyasi, anatazama. Akiona mmweko wa aina yake, anangoja muda maalumu, kisha anajibu kwa mmweko mmoja. Dume anageuka, anasogea, anauliza tena. Jike anajibu tena. Hivyo hivyo mpaka wakutane.

Neno muhimu hapo ni muda. Jike haangalii tu kama kuna mwanga. Anaangalia mwanga umekaa kwa muda gani, umerudiwa mara ngapi, na kati ya mmweko na mmweko pamepita giza la sekunde ngapi. Dume naye anaangalia jibu limekuja baada ya muda gani. Jibu likiwahi au likichelewa, analiacha, kwa sababu huyo si wa kwao.

Tuchukue mifano iliyopimwa. Kule Marekani kuna kimulimuli anayejulikana sana, jina lake la kitaalamu Photinus pyralis. Dume wake humulika mmweko mmoja kila baada ya sekunde sita hivi, huku akipanda juu kidogo kama mtu anayechora ndoano hewani. Jike hujibu baada ya kama sekunde mbili. Aina nyingine ya hukohuko, Photinus carolinus, humulika mimweko mitano hadi minane mfululizo, kisha hukaa gizani sekunde kadhaa, halafu huanza tena.

Mfano unaotufaa zaidi sisi watu wa Mara unatoka Japani. Huko kuna kimulimuli mmoja mashuhuri wa kando ya mito. Wale wanaoishi magharibi mwa nchi humulika kila baada ya sekunde mbili hivi, na wale wa mashariki, wa aina ileile, kila baada ya sekunde nne. Yaani ni lugha moja yenye lahaja mbili. Hapa kwetu mtu akipiga simu studioni, kabla hajataja anapotoka tumeshahisi kama ni Mwikizu, Mzanaki, Mjita au Mkurya, kwa namna tu anavyokata maneno. Vimulimuli wanafanya hivyo kwa mwanga.

Joto nalo linaingia. Usiku wenye fukuto, vimulimuli humulika haraka zaidi. Usiku wa baridi baada ya mvua kubwa, wanapunguza mwendo. Jike naye anabadilika pamoja na dume, kwa hiyo hawapotezani.

Matapeli nao wapo

Penye lugha hapakosi wa kuitumia vibaya. Mwaka 1965 mtafiti James Lloyd wa Marekani alichapisha habari za majike wa jamii iitwayo Photuris. Jike huyu anakaa kwenye nyasi, anamwona dume wa aina nyingine akipita na kumulika, naye anamjibu kwa jibu la jike wa aina ya yule dume. Dume anashuka kwa furaha. Anakamatwa na kuliwa. Majike hao wanaweza kuigiza majibu ya aina zaidi ya moja, kulingana na nani anapita. Jamii hiyo ya matapeli ni ya mabara ya Amerika, lakini habari zake zinatuonyesha kwamba muda wa jibu ndio ufunguo wa kila kitu. Ukiujua ufunguo, unafungua mlango usio wako.

Wanaomulika kwa pamoja

Kuna pia vimulimuli wanaomulika kwa pamoja kama watu wanaopiga makofi kwenye ngoma. Huko Thailand na Malaysia, kwenye mikoko ya kingo za mito, maelfu ya madume hukaa kwenye mti mmoja na kuwaka na kuzima kwa pamoja, karibu mara mbili kwa kila sekunde. Mjerumani Engelbert Kaempfer aliwaona huko mwaka 1690 na kuandika. Kwa miaka mingi wasomi wa Ulaya na Marekani waliona vigumu kuamini. Mwaka 1917 mmoja wao aliandika katika jarida la sayansi kwamba huenda ni kope za mtazamaji ndizo zilizokuwa zikipepesa.

Jibu lilipatikana miaka ya 1960, pale John Buck na mkewe Elisabeth walipokwenda Thailand, wakakusanya vimulimuli na kuwaachia ndani ya chumba chenye giza. Mwanzoni kila mmoja alimulika kivyake. Kisha wawili waliokaa karibu wakaanza kwenda pamoja, halafu watatu, na kuendelea. Hapakuwa na kiongozi. Kila mdudu ana mapigo yake ndani, na akiona mwanga wa jirani anayarekebisha kidogo ili yalingane. Ngoma nyingi za kwetu zinakwenda hivyo hivyo: hakuna anayehesabu kwa sauti, lakini mikono inakutana.

Miezi mingi chini ya ardhi

Mwanga tunaouona ni mwisho tu wa maisha ya kimulimuli. Sehemu kubwa hatuioni.

Jike hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, chini ya majani yaliyooza au kwenye mizizi ya nyasi. Yai linaanguliwa kuwa buu, na buu hilo nalo humulika mwanga hafifu. Linaishi ardhini kwa miezi mingi, na kwa baadhi ya aina hufika mwaka mmoja hadi miwili. Chakula chake ni konokono, koa na minyoo ya ardhini. Linamfuata konokono kwenye ute wake, linamuuma na kumtia sumu inayomlegeza, kisha linamla. Kwa mkulima wa mchicha na kabichi kwenye bonde, huyu ni mfanyakazi asiyelipwa.

Wasikilizaji wa kando ya ziwa na malambo watataka kujua kama mabuu hayo yanaweza kumaliza konokono wanaobeba kichocho. Tusiwape watu matumaini yasiyo na msingi. Mabuu ya vimulimuli wengi huwinda nchi kavu, na konokono wa kichocho wanaishi majini. Ziko aina chache barani Asia ambazo mabuu yake huishi majini na kula konokono wa huko. Kwa kichocho, dawa ya hospitali, choo bora na kuepuka maji yaliyotuama ndiyo kinga.

Buu likikomaa linajichimbia, linageuka kuwa pupa, na mvua zikilainisha ardhi anatoka mdudu kamili mwenye mabawa. Waikizu, ambao masimulizi yao yanamkumbuka Nyakinywa, mwanamke wa mvua, hawahitaji kuelezwa kwamba mvua ndiyo inayofungua mambo mengi. Lakini mdudu huyo mzima anaishi majuma machache tu. Aina nyingi hata chakula hazijishughulishi nacho sana. Kazi iliyobaki ni moja: kumtafuta mwenza kabla siku hazijaisha.

Hesabu hiyo tuiweke vizuri. Mwanga wa majuma mawili matatu unategemea ardhi ya mwaka mzima. Kichaka kikichomwa mwezi wa saba wakati wa kiangazi, hakuna anayewaona vimulimuli wakiungua, kwa sababu wakati huo ni mabuu yaliyojificha kwenye majani makavu na udongo wa juu. Tunakuja kushangaa masika inayofuata, kichaka kikiwa giza tupu.

Nini kinakata mazungumzo yao?

Mwaka 2020 watafiti kutoka nchi mbalimbali walichapisha maoni ya wataalamu wa vimulimuli duniani kuhusu hatari zinazowakabili. Iliyotajwa zaidi ilikuwa kuharibiwa kwa makazi yao, ikifuatiwa na mwanga wa taa usiku, kisha viuatilifu. Zote tatu tunazo hapa.

Makazi kwanza. Miti ya migunga na vichaka vya kando ya vijito inakatwa kwa mkaa, kuni na mashamba mapya. Kimulimuli haruki mbali, na jike asiye na mabawa haruki kabisa. Kichaka kikifyekwa, hawahamii kichaka cha ng'ambo kama ndege. Wanaishia palepale. Na hapa sheria tayari ipo upande wa mazingira: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Wengi tunaijua kama sheria ya kulinda maji. Mita hizohizo 60 zenye nyasi na unyevu ndizo nyumba ya kimulimuli. Ukiziacha, umelinda vyote viwili.

Pili, viuatilifu. Bunda ni wilaya ya pamba, na pamba bila kupulizia dawa mkulima anaweza kuambulia majani. Hatusemi mtu aache. Tunasema akague shamba kwanza, apulizie pale wadudu waharibifu wanapoonekana, afuate kipimo anachoelekezwa na afisa ugani, asisafishie bomba kijitoni, na aache ukanda wa nyasi usiopuliziwa pembeni ya shamba. Dawa inayoua mdudu wa pamba haichagui. Inaua pia wale waliokuwa wakikusaidia.

Tatu, taa. Hapa tuseme kwa uangalifu, kwa sababu umeme umetufikia kwa kungoja sana. Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, imebadilisha maisha: mama anajifungua penye mwanga, mashine ya kusaga iko jirani, simu inachajiwa nyumbani. Hakuna anayetamani kurudi kwenye koroboi kwa ajili ya mdudu.

Shida ni taa ya nje inayowaka usiku kucha ikielekea porini. Kwa dume wa kimulimuli, kutafuta jibu la jike mbele ya taa hiyo ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona pembeni ya mashine ya kusaga. Tafiti zilizofanyika Marekani zimeonyesha kwamba penye mwanga wa taa, mimweko na majibizano hupungua. Hawafi usiku ule. Hawakutani tu, na majuma yao yanaisha.

Dawa yake haina gharama kubwa. Taa ya nje iwe na kifuniko na imulike chini, mlangoni, siyo kichakani.  Iwe na swichi yake. Na kwa yale majuma machache ya vimulimuli, taa inayotazama kichaka izimwe kati ya saa 1 na saa 3 usiku, kama usalama unaruhusu. Uniti za LUKU zitakazobaki ni zako.

Namna ya kuwaangalia

Hatua hizi hazihitaji kifaa cha kununua.

Chagua usiku. Siku moja au mbili baada ya mvua, pasipo upepo mkali na pasipo mbalamwezi. Anza baada ya giza kuingia, kama saa 1 usiku, na maliza saa 3.

Chagua mahali. Ukingo wa kichaka, bonde lenye nyasi ndefu, au pembeni ya mti mkubwa ulio karibu na maji. Baki karibu na nyumba. Usiende peke yako, vaa viatu vilivyofunika mguu kwa ajili ya nyoka, na jifunike dhidi ya mbu. Katika vijiji vya Bunda vilivyo karibu na hifadhi, tembo huingia mashambani usiku, kwa hiyo huko angalieni kutoka uani tu.

Zoesha macho. Kaa gizani robo saa bila kutazama simu. Ukilazimika kumulika, funga tochi kwa kitambaa chekundu, kwa sababu mwanga mwekundu huwasumbua kidogo zaidi.

Chagua mdudu mmoja. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanatazama kichaka kizima na kuona vurugu. Mfuate mmoja. Je, anamulika mara moja na kunyamaza, au mara mbili tatu mfululizo? Anaruka usawa wa goti, kifua au juu ya kichwa? Mwanga ni wa kijani, manjano au unaelekea rangi ya chungwa?

Pima muda. Mwenzako ashike simu ndani ya kanga na kuangalia sekunde. Wewe sema "sasa" kwenye mmweko wa kwanza, kisha hesabu mpaka wa kumi na moja. Hapo yamepita mapengo kumi. Kwa mfano, kama zimepita sekunde 30, basi pengo moja ni sekunde tatu. Rudia kwa wadudu wengine watatu. Wakilingana, yaelekea ni wa aina moja. Wakitofautiana sana, huenda hapo ulipo pana aina zaidi ya moja, kila moja na lugha yake.

Tafuta jibu. Dume akishamulika, shusha macho kwenye nyasi chini yake. Mwanga mmoja usiosogea, unaokuja kila mara baada ya muda uleule, ndiye jike. Ukishajua muda wake, unaweza kujaribu kumjibu dume kwa kitochi kidogo kilichofunikwa, mmweko mmoja mfupi kwa wakati uleule. Kwa baadhi ya aina, dume hugeuka na kukusogelea. Jaribu mara moja mbili, kisha mwache aende kwa anayemtafuta kweli.

Andika. Tarehe, kitongoji, hali ya hewa, idadi ya mimweko na sekunde za mapengo. Daftari la shule linatosha.

Watoto wakimtia kwenye chupa, wamwachie usiku uleule. Kimulimuli haumi wala haambukizi ugonjwa, lakini asiwekwe mdomoni. Aina nyingi zina kemikali chungu zinazowafukuza maadui, na kuna mijusi wanaofugwa ambao walikufa baada ya kulishwa vimulimuli wa Marekani.

Na wale wanaohofia mwanga unaotembea porini kuwa ni kazi ya mtu mbaya, tunawaomba wahesabu mapengo. Mwanga unaorudi kila baada ya sekunde zilezile, usawa uleule, ni wa mdudu anayetafuta mke. Hofu ya usiku imewahi kuleta madhara kwa watu wasio na hatia, na hesabu ya dakika tano inaweza kuiondoa.

Kwa nini hesabu yako ina maana

Sehemu kubwa ya utafiti wa lugha ya vimulimuli imefanyika Marekani na Asia. Huko watu wanasafiri kuwatazama. Katika hifadhi ya Great Smoky Mountains, Marekani, tangu mwaka 2016 wageni wanapatikana kwa bahati nasibu kwa sababu wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Malaysia wanakijiji huwabeba wageni kwa mitumbwi ya makasia usiku, bila taa. Sisi tunaishi jirani na Serengeti na tumezoea kuona magari ya watalii yakifuata wanyama wakubwa. Huyu mdogo hana kiingilio, na yuko nyuma ya jiko.

Walimu wa sayansi wa shule za Nyamuswa na kwingineko mkoani wanaweza kulifanya zoezi hili kuwa somo: kila mwanafunzi alete hesabu ya kichaka cha kwao, kisha zilinganishwe ubaoni. Mwaka ujao zirudiwe palepale. Ndani ya misimu mitatu minne kijiji kitakuwa na kumbukumbu yake chenyewe, na kitajua kama vimulimuli wanaongezeka, wamebaki palepale au wanakwisha, bila kusubiri mtu wa kutoka mbali aje kukiambia.

Mvua zikianza, tutumieni hesabu zenu kwa namba ya studio mnayoisikia hewani: kitongoji, tarehe, mimweko mingapi, mapengo ya sekunde ngapi. Tutazisoma kipindini. Na kwa msikilizaji wa Nyamuswa mwenye kichaka pembeni ya kijito ambacho ameshaanza kukifikiria kwa ajili ya kuni za mwaka huu, ombi letu ni moja. Kabla hujanoa panga, toka uani usiku mmoja, kaa robo saa, uone nani anaishi humo.